Sabuni ya maji ya Arusha na Moshi: kila kiungo kiulizwe kazi yake kabla ya kumiminwa kwenye ndoo

MkemiaTengeru

Wanajukwaa, salaam.

Katika mitaa ya Arusha na Moshi, kuanzia Ngarenaro na Unga Limited hadi Majengo na Pasua, kutengeneza sabuni ya maji kumekuwa riziki ya watu wengi: vikundi vya akina mama, vijana waliotoka kwenye mafunzo ya ujasiriamali, hata shule zinazojitengenezea ya kwao. Fomula zinazopitishwa mkono kwa mkono zinafanana mno: salfoniki asidi, kostiki au magadi soda ya kuipoza (yaani kuiondolea ukali wa asidi), slesi ya kuleta povu, chumvi ya kuleta uzito, rangi, manukato, na mwishoni fomalini ili sabuni isiharibike. Nyingine huongeza EDTA ya kukabili maji magumu. Mafunzo mengi hufungwa kwa nasaha ya kuvaa glovu na barakoa. Nasaha hiyo ni njema, lakini humfikia mtu akiwa amechelewa, kwa kuwa sumu imeshachaguliwa, imeshanunuliwa na imeshaingia ndani ya nyumba.

Nimefungua uzi huu kwa hoja moja: usalama wa kemikali huamuliwa pale fomula inapoandikwa. Hatari ina sehemu mbili, ukali wa kitu chenyewe na kiasi ambacho mtu anafikiwa nacho. Glovu hushughulikia sehemu ya pili tu, nayo glovu huchanika, huisha, au husahaulika. Mwaka 1998 wanakemia wawili wa Marekani, Paul Anastas na John Warner, waliweka kanuni 12 za kemia isiyodhuru mazingira, na mbili kati ya hizo zinatugusa sisi wa ndoo na mwiko moja kwa moja. Ya kwanza inataka bidhaa ibuniwe ifanye kazi yake ileile huku sumu yake ikipunguzwa. Ya pili inataka bidhaa ibuniwe kwa namna ambayo ikishamaliza kazi itavunjika kuwa vitu visivyodhuru.

Mfano mzuri wa kanuni ya pili umo tayari ndani ya pipa la salfoniki asidi tunalonunua. Katika miaka ya 1950, sabuni nyingi za unga zilizouzwa Ulaya na Marekani zilitumia kiungo cha jamii hiyo hiyo ya salfoniki, ila mnyororo wake wa kaboni ulikuwa na matawi mengi. Bakteria wa mtoni huula mnyororo wa namna hiyo kuanzia nchani, na kila tawi lilikuwa kizuizi kwao, kwa hiyo kiungo kilibaki majini na mito ikafunikwa na povu. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, na kufikia mwaka 1965 watengenezaji wa Marekani walikuwa wamehamia kwenye mnyororo mnyoofu. Uwezo wa kuondoa mafuta ulibaki vilevile. Kilichobadilika ni umbo la molekuli, na bakteria wakaweza kuimaliza ndani ya siku chache penye hewa ya kutosha. Nasisitiza penye hewa, kwa sababu ndani ya shimo la choo lisilo na oksijeni hata mnyororo huo mnyoofu huvunjika kwa shida.

Sasa tuje kwenye fomula zetu, tukianza na EDTA. Kazi yake ni kukamata kalsiamu na magnesiamu katika maji magumu ili zisiidhoofishe sabuni. Yenyewe haina sumu kali, lakini huvunjika polepole sana katika mazingira na huweza kuyabeba madini mazito kutoka kwenye tope hadi kwenye maji. Swali ninaloliuliza ni hili: je, maji yetu yana hiyo kalsiamu? Kila mkazi wa Arusha anajua habari ya floraidi na meno ya kahawia, lakini ni wachache wanaoeleza kwa nini floraidi inakaa kwenye maji haya. Kalsiamu inapokuwa nyingi, huungana na floraidi na kutengeneza kalsiamu floraidi, ambayo huyeyuka kwa kiasi kidogo sana, hivyo sehemu kubwa hutuama. Maji yanayopita katika miamba ya volkano ya Mlima Meru yana sodiamu na baikaboneti kwa wingi na kalsiamu kidogo, na ndiyo maana floraidi inabaki humo. Jambo lile lile linalotuletea tatizo la meno linatuambia pia kwamba maji hayo ni laini kwa sabuni. EDTA inayowekwa kwenye ndoo ya Sakina au Tengeru mara nyingi inafanya kazi ambayo haipo. Fomula hiyo huenda iliandikwa kwa ajili ya visima vya mwambao vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ambako kalsiamu ni nyingi kweli, kisha ikanakiliwa bila kuulizwa.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa mbili safi zinazolingana, moja uiweke maji ya mvua na nyingine maji yako ya bomba au kisima, utie kila moja kiasi kilekile cha sabuni ya mche iliyokwanguliwa, utikise. Povu likilingana na maji yasipofanya utando mweupe, EDTA haina kazi kwako.

Fomalini nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayoniumiza zaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka fomaldihaidi, kemikali iliyoyeyushwa ndani ya fomalini, mwaka 2004 katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Kazi yake katika sabuni ni kuzuia bakteria na ukungu, na bakteria hao wanakuja kwa sababu tumeweka maji. Sabuni ya mche haihitaji kihifadhi chochote kwa sababu karibu haina maji yanayoweza kulisha vijidudu. Ndiyo maana, kabla ya kuuliza "nitumie nini badala ya fomalini", ninaona tungeuliza kwanza kama mteja huyu anahitaji kuuziwa maji. Hoteli au shule yenye bomba lake inaweza kuuziwa sabuni nzito ya kuchanganya yenyewe, kidogo kidogo, ya kuisha ndani ya siku mbili tatu.

Naomba michango, hasa ya wanaotengeneza.

MamaLishaMajengo

Ndugu Mkemia, asante kwa kuandika kwa utaratibu. Mimi natengeneza hapa Moshi na kuuza sokoni na kwa mama ntilie. Wateja wangu wanataka vitu viwili, povu jingi na sabuni iliyo nzito, na sabuni isiyo na hivyo wanairudisha wakisema imechakachuliwa. Hiyo ya kuuza nzito ya kuchanganya naielewa kwa hoteli, lakini mama ntilie ananunua chupa moja asubuhi na anataka aitumie hapo hapo. Kwake siwezi kuondoa maji. Basi niambie ninaloweza kuweka badala ya fomalini, linalopatikana Arusha au Moshi, na lisilonipandishia gharama kiasi cha kushindwa na jirani yangu anayeendelea na fomalini.

MpimaHoja

Nami nina swali, tena naliuliza kwa heshima. Tangu zamani wanasayansi wanasema dozi ndiyo inayofanya kitu kiwe sumu. Kifuniko kimoja cha fomalini katika ndoo ya lita 20, kisha mteja anachukua kijiko kimoja, anakiweka kwenye beseni la maji na kusuuza. Kinachobaki mkononi ni kidogo sana. Je, hatuwatishi watu kwa viwango ambavyo havina madhara, na kuwanyima akina mama kama huyu kiungo cha bei nafuu kinachofanya kazi?

MkemiaTengeru

MpimaHoja, kwa upande wa mteja anayeosha vyombo hoja yako ina uzito, na sitasema kwamba kikombe kilichooshwa kwa sabuni hiyo kitampa mtu saratani. Anayepata dozi ni mtengenezaji. Yeye ndiye anayefungua dumu lenye fomaldihaidi ya asilimia 37 au karibu na hapo, katika chumba chenye dirisha dogo, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni, na anafanya hivyo wiki baada ya wiki. Mvuke ule unaochoma macho na pua ndiyo dozi yenyewe. Isitoshe, fomaldihaidi husababisha mzio wa ngozi, na mtu akishapata mzio, kiasi kidogo sana kinatosha kumwasha tena. Kwa mzio, hesabu ya "ni kidogo" haimsaidii aliyekwisha kuathirika.

Mama, nitakujibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo watu wengi huteleza. Ukienda dukani ukasema hutaki fomalini, unaweza kupewa kihifadhi cha jamii ya isothiazolinoni, ambacho huandikwa MIT au CMIT kwenye dumu. Kinafanya kazi kwa kiasi kidogo mno na hakina harufu kali. Ulaya nako vipodozi vingi vilihamia huko, na matokeo yake yakawa wimbi la mzio wa ngozi, hata MIT ikapigwa marufuku katika vipodozi vinavyobaki mwilini na kubanwa hadi sehemu 15 kwa milioni katika vile vinavyosuuzwa. Huko ni kutoa tatizo moja na kuingiza jingine kwa sababu kilichobadilishwa ni jina la kiungo peke yake.

Njia ninayoipendekeza ni sodiamu benzoeti, ambayo hutumika hata kwenye juisi na tomato sosi, lakini ina sharti moja. Kinachoua vijidudu ni asidi ya benzoiki, yaani ile sehemu ya benzoeti iliyorudi kuwa asidi, na kiasi chake hutegemea pH, kipimo cha uasidi ambacho chini ya 7 ni asidi na juu ya 7 ni alikali. Sabuni ikiwa na pH 7, ni takriban asilimia 0.16 tu ya benzoeti iliyo katika hali hiyo, yaani ni kama hukuweka kitu. Ikishuka hadi pH 5, inafika karibu asilimia 14, na kwenye pH 4.5 inafika theluthi moja. Anayetia benzoeti kwenye sabuni yenye pH 8 kisha sabuni ikanuka baada ya wiki mbili, hasemi uongo anapolalamika kwamba benzoeti haifanyi kazi. Haikupewa mazingira ya kufanya kazi.

Kwa hiyo ipoze salfoniki asidi kwa kostiki kama kawaida, yeyusha benzoeti gramu 5 kwa kila kilo ya sabuni, kisha shusha pH kwa sitriki asidi iliyoyeyushwa kwenye maji, kidogo kidogo huku ukipima kwa karatasi za pH, hadi ifike kati ya 4.5 na 5. Ngozi ya binadamu nayo iko karibu na pH 5, hivyo mikono ya mama ntilie itaona nafuu. Usishuke chini ya 4, kwa kuwa slesi huanza kuvunjika kwenye asidi kali.

Kuhusu povu, naomba tuwaeleze wateja ukweli: povu si kipimo cha usafi. Sabuni za mashine za kufulia hubuniwa makusudi zitoe povu dogo na bado husafisha nguo. Najua mteja habadiliki kwa maelezo ya siku moja. Lakini uzito unaoletwa na chumvi nyingi haumwoshei hata sahani moja, na katika hilo unaweza kupunguza gharama bila kupunguza ubora.

MuuguziWaMtaa

Naomba nisikilizwe katika jambo hili kabla watu hawajakimbilia sitriki asidi. Majumbani kwetu watu wana mazoea ya kuchanganya sabuni ya maji na jiki wanaposafisha choo. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Sabuni ya zamani yenye pH 8 au 9 haikuwa na hatari hiyo. Mkiibadilisha kuwa ya asidi, hata kama asidi yenyewe ni kidogo, mnaingiza hatari mpya chooni, ambako mara nyingi hakuna hewa ya kutosha.

La pili ni vifungashio. Chupa za soda na za maji ya kunywa zinazojazwa sabuni, na hasa zile zinazohifadhia kostiki iliyoyeyushwa, zimewaunguza watoto koo. Kostiki huunguza umio, na kovu lake huweza kuziba njia ya chakula kwa maisha yote. Kama mnazungumzia kubuni kwa usalama, basi chupa nayo ni sehemu ya ubunifu huo.

MkemiaTengeru

Muuguzi, jambo la jiki ni zito na linabadilisha nilichopendekeza. Sabuni ya pH 5 ibaki kuwa ya mikono na vyombo. Kwa usafi wa choo na sakafu itumike nyingine kabisa, na hapo nashauri turudi kwenye sabuni halisi ya mafuta: mafuta ya nazi au mawese yakichemshwa na potasi (potasiamu haidroksaidi), si kostiki, hutoa sabuni laini inayoyeyuka kuwa ya maji. pH yake huwa kati ya 9 na 10, ambako bakteria wengi hawakui vizuri, na haitoi klorini ikikutana na jiki. Huvunjika kwa urahisi, hata mahali pasipo na hewa, na hapo inaishinda salfoniki ndani ya shimo la choo. Udhaifu wake mkubwa ni maji magumu, ambayo huigeuza kuwa utando. Kwa maji laini ya kwetu udhaifu huo haupo. Potasi ni kali kama kostiki wakati wa kutengeneza, hilo lisisahaulike, na vipimo vyake havikisiwi kwa macho.

Kuhusu chupa sina la kuongeza zaidi ya kusema kwamba naunga mkono kila neno. Kostiki iyeyushwe kiasi cha kazi ya siku hiyo na kiishe siku hiyo hiyo, pasibaki kitu cha kuhifadhi.

FundiNgozi

Nimesoma uzi huu nikiwa mtu wa viatu na mikanda, na naona swali la kiungo na kazi yake linatuhusu pia. Ngozi nyingi duniani hulainishwa kwa chumvi za kromu kwa sababu ni haraka na hutoa ngozi laini. Kromu ile, ya daraja la tatu, si kali sana. Tatizo ni kwamba kwa njia ya kawaida asilimia 60 hadi 80 tu ndiyo hushika ngozi, inayobaki huenda na maji taka, na ngozi au vipande vyake vikipata joto kali au kuchomwa, sehemu yake hugeuka kuwa kromu ya daraja la sita, ambayo husababisha saratani. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2015 hauruhusu ngozi inayogusa mwili iwe na zaidi ya miligramu 3 za kromu hiyo kwa kilo. Mafundi wengi hapa Moshi huchoma mabaki ya ngozi pamoja na takataka nyingine, na hilo linanisikitisha.

Sisi tuna miti ya miwati ya Njombe, ambayo magome yake hutoa tanini ya kulainishia ngozi. Kwa mkanda, soli na mkoba, ngozi ya miwati inafaa sana, tena hukaa imara. Kwa kiatu chepesi kinachotakiwa kukunjika na kuvumilia joto, kromu bado inaishinda. Na tanini nayo si maji ya kunywa: maji taka yake ni meusi na hula oksijeni ya mto. Ninachotaka kusema ni kwamba mkanda haukuwahi kuhitaji ulaini wa kromu, ila tuliupa kwa mazoea.

MwalimuKemiaSekei

Naongeza mfano mmoja ulio hapa hapa Arusha, kwa kuwa wanafunzi wangu huupita kila siku bila kuuona kama kemia. Zamani chandarua kilitumbukizwa kwenye beseni lenye dawa na kurudiwa kila baada ya muda, na dawa nyingi ziliishia mikononi na kwenye maji ya kumwaga. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani. Dawa ya permetrini imo ndani ya uzi wenyewe wa polithini, nayo husogea juu polepole kadiri ile ya nje inavyofuliwa. Ni nyenzo iliyobuniwa ili mama asishike dawa ya maji hata mara moja. Permetrini yenyewe ni ndugu wa sumu ya asili ya maua ya pareto, ambayo huvunjika upesi juani. Mwaka 1973 kundi la Michael Elliott huko Uingereza lilitangaza umbo linalovumilia jua.

Lakini ubunifu huo una upande ambao ningependa ujadiliwe kwa uzito uleule. Mwili wa binadamu huivunja permetrini haraka, ila samaki hawawezi, na kiasi kidogo tu huwaua. Chandarua kikifuliwa mtoni au kugeuzwa nyavu za kuvulia, kinafanya kazi ambayo hakikubuniwa. Mbu nao wamejenga usugu, ndiyo sababu vyandarua vipya vimeongezewa PBO, ambayo huzuia vimeng'enya ambavyo mbu hutumia kuivunja dawa. Na polithini iliyochoka bado inabaki, kwa miaka mingi, haina pa kwenda.

MpimaHoja

Nimeridhika kuhusu fomalini baada ya maelezo ya mtengenezaji na mvuke. Lakini kuna kitu hamjakigusa. Slesi hutengenezwa kwa oksidi ya ethilini, na njia hiyo huacha mabaki ya dioksani, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, ambayo haionekani wala haiandikwi kwenye dumu. Jimbo la New York limeweka kikomo cha sehemu 2 kwa milioni mwishoni mwa mwaka 2022 na sehemu 1 mwaka mmoja baadaye. Mama wa Majengo atabuni nini hapo? Hawezi kuipima wala kuiondoa.

MkemiaTengeru

Umesema kweli, na sitaki uzi huu umbebeshe mtengenezaji mdogo mzigo usio wake. Dioksani huondolewa kiwandani kwa mvuke na ombwe kabla slesi haijajazwa kwenye mapipa, kwa hiyo uamuzi uko kwa mzalishaji na kwa anayeiingiza nchini. Sheria yetu ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ni ya mwaka 2003 na inasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kila muuzaji wa kemikali anapaswa kuwa na karatasi ya taarifa za usalama ya anachouza. Sisi tunachoweza ni kuidai kila tunaponunua, na vikundi vikinunua kwa pamoja dai hilo linakuwa na nguvu, kwa sababu muuzaji anaweza kumpuuza mteja wa lita 5 lakini hawezi kumpuuza mteja wa mapipa. Viko pia viungo vinavyotokana na glukosi na mafuta ya nazi, viitwavyo alkili poliglukosidi, ambavyo havipitii oksidi ya ethilini kabisa na huvunjika penye hewa na pasipo na hewa. Bei yake kwa sasa inamfaa mtengenezaji wa shampuu ya watoto kuliko wa sabuni ya masufuria.

MamaLishaMajengo

Nimeelewa. Nitaanza na ndoo moja ya benzoeti, na ya choo nitaitenganisha kama dada Muuguzi alivyosema. Nitajuaje kwamba haijaoza kabla ya kuipeleka sokoni?

MkemiaTengeru

Mama, tengeneza ndoo hiyo ndogo na uigawe katika chupa mbili. Moja ifunge bila kuigusa. Ya pili ifungue kila siku, uchovye kijiko kilichotumika jikoni, kwa sababu ndivyo mteja atakavyoifanyia. Ziweke mahali penye joto, si kwenye kivuli cha ubaridi cha Moshi ya mwezi wa saba, kwa muda wa wiki 4. Kila wiki angalia kama pH imesogea, kama kuna harufu, kama uzito umepungua au maji yamejitenga. Hii si mbadala wa kipimo cha maabara, na ukitaka nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kipimo hicho utakihitaji, lakini itakuonyesha mapema fomula iliyo dhaifu. Kwenye lebo andika kwa herufi kubwa USICHANGANYE NA JIKI, tena weka na mchoro kwa asiyesoma. Ukipata matokeo yaandike hapa pamoja na pH uliyoanza nayo, hata kama sabuni itakuwa imeharibika, ili wa Arusha wenye maji tofauti waweze kulinganisha na ya kwao.